Kiini Kinachoanguka Kabla ya Kusuuza

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku njema sana. Kazini kuna maafa.

Naeleza kidogo, maana siku nitakapokuwa mtu mkubwa shajara hii itasomwa na wasiojua mambo yetu. Ofisi yetu inatengeneza mfumo endeshi wa mashine kubwa za kufulia, yaani ile programu mama inayoziongoza programu nyingine zote. Mashine zenyewe zina akili na zina sauti. Kufua kukiisha, dada mmoja mpole asiyeonekana anakutangazia kwamba nguo zako ziko tayari. Sasa tangu wiki jana mashine za mteja wetu mkubwa, Dobi, zinakata roho kazini. Zinafua vizuri, zinataka kuhamia kwenye kusuuza, kimya. Mlango umejifunga, nguo zimo ndani na povu lake, mwenye nguo yuko nje anagonga kioo. Juzi bwana harusi mmoja amekwenda kuoa na suti ya shemeji yake.

Kosa liko kwenye kiini, ule moyo wa mfumo, mahali kinapogawa kumbukumbu. Hilo tunalijua. Ni mstari gani na kwa nini, hakuna ajuaye.

Mkurugenzi katuita wote, kasimama, mikono nyuma. Kasema Dobi ametupa hadi Ijumaa, vinginevyo mashine zote zinarudi. Halafu kasema neno tamu: atakayeliondoa kosa ndiye atakuwa Mkuu wa Kitengo cha Kiini. Kiti kiko wazi tangu mkuu wa zamani alipoacha kazi akafuge kuku.

Nilitaka kupiga makofi. Mama mkwe wangu anaamini mimi ni mkuu tayari. Nilimwambia kwa simu mwezi uliopita. Sikupanga, liliniponyoka tu, alikuwa anamsifu mkwe wake mwingine. Na Jumatano anakuja kututembelea, na kwa kauli yake mwenyewe anataka kuiona ofisi ya Mkuu. Kwa hiyo nikipata cheo wiki hii, sikusema uongo. Nilisema ukweli uliowahi kufika.

Mpinzani ni mmoja tu, Taratibu. Hilo si jina lake, ndivyo tunavyomwita. Ukimuuliza dada huyu saa ngapi, anafikiri kwanza. Wengine wote wamejitoa wakisema kiini kinawaumiza kichwa.

Nimeanza leo leo. Nimetangaza kwamba ubaya uko kwenye vipande vya kumbukumbu vyenyewe, msimbo, yaani maandishi ya programu, hauna kosa. Nimekwenda kwenye mashine ya majaribio, ile iliyoko kwenye korido karibu na choo, nikavichomoa, nikavipangusa kwa shati, nikavirudisha. Mashine haikuwaka kabisa. Fundi umeme wa ofisi amesema nimevichomeka kinyume. Nikamwambia lilikuwa jaribio.

Taratibu amekaa kutwa nzima anasoma msimbo wa kiini kuanzia mstari wa kwanza. Masikini. Wenzake tunatenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata wazo nikipiga mswaki. Kwa nini tuzuie kiini kisianguke? Kianguke kinavyotaka. Muhimu kiinuke chenyewe, haraka, bila mtu kuona.

Kufika saa nne nilikuwa nimeandika. Kikianguka, kinajiwasha upya. Nikamwomba Mkurugenzi kitu cha kufulia, akanipa pazia la ofisini kwake, la buluu, zito, zawadi kutoka kwa dada yake. Nikalitia ndani, nikabonyeza. Mashine ikafua, ikaanguka, ikainuka. Raha iliyoje. Nikamwita Mkurugenzi aone. Akasema endelea hivyo hivyo.

Kuna kitu kidogo sikukihesabu. Mashine ikiinuka haikumbuki chochote. Haikumbuki kwamba imeshafua. Ikafua upya. Ikaanguka, ikainuka, ikafua upya. Mlango umejifunga, kuzima umeme nako ni marufuku maji yakiwa ndani. Watu wakawa wanakwenda chakula cha mchana na kurudi, pazia linazunguka. Kuna aliyelipungia mkono.

Jioni fundi umeme alifungua mlango kwa bisibisi. Pazia limetoka jeupe, jembamba. Mkurugenzi alilinyanyua mbele ya uso, akanitazama kupitia humo. Tulionana vizuri kabisa.

Aliniuliza kama nina wazo jingine. Nikasema ninayo mengi. Akasema hicho ndicho kinachomtia wasiwasi.

Taratibu yuko kwenye kurasa za katikati. Alinikaribisha nisome naye, tugawane. Nikamshukuru, nikamwambia nina kazi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeshinda.

Twende kwa mpangilio. Sisi watu wa kazi hii, tukipotea ndani ya msimbo, tunapanda mistari ya kupiga kelele. Programu ikipita hapa, iandike "nipo hapa". Ikipita pale, iandike "nipo pale". Neno la mwisho kuandikwa kabla ya kifo linakuonyesha mahali pa kifo. Maneno yenyewe hakuna anayejali ni yapi. Jamaa mmoja hapa huandika majina ya wanasoka.

Nilikuwa katikati ya kupanda, mke wangu akapiga simu. Mama mkwe ameingia. Ana masanduku matatu. Makubwa. Kwa ziara ya siku mbili tatu! Nilikata simu, vidole viko kwenye kibodi, na mstari ule niliokuwa nauandika ukatoka hivi: MAMA MKWE AMEFIKA NA MASANDUKU MATATU. Nikauweka pale pale kiini kinapokusanya kumbukumbu ya kufulia ili kiigawe kwa ajili ya kusuuza. Nikawasha mashine.

Haikuanguka.

Nikarudia. Haikuanguka. Nikatia mashuka, nikatia zulia la mlangoni, nikatia koti la fundi umeme naye bado analitafuta. Imefua, imesuuza, imekausha. Mimi sikurekebisha kitu. Nimeandika habari za mama mkwe tu, na kiini kimepona. Niliruka kwenye korido mpaka mhasibu akatoka kuuliza kama kuna nyoka.

Nyumbani nilikuta mapokezi mazito. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitika marahaba Mkuu. Mezani ilikuwa Mkuu nipe chumvi, Mkuu mbona huli, Mkuu watu wangapi wako chini yako. Nikasema idadi inabadilika. Mke wangu alikuwa anaangalia sahani yake kwa bidii.

Aliniuliza kiini ni nini. Nikamweleza vizuri, kwa mfano: chukulia nyumba ya wageni. Programu ni wageni, kumbukumbu ni vyumba, kiini ni mtu wa mapokezi. Mgeni akiondoka anarudisha ufunguo, chumba anapewa mwingine. Ubaya wetu ni kwamba mapokezi anampa mgeni mpya chumba wakati yule wa zamani bado yumo ndani anapiga pasi. Wanagongana, nyumba nzima inavurugika. Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema yeye angemfukuza huyo wa mapokezi. Nikasema ndiyo maana niko mimi.

Chumbani mke wangu akaninong'oneza nimwambie mama ukweli kwa mdomo wangu. Nikamwambia kesho kutwa utakuwa ukweli, haina haja ya kuwasumbua watu mara mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mambo si rahisi kama yalivyoonekana jana.

Asubuhi nikaufuta ule mstari wa mama mkwe, kwa heshima, nibaki na mashine iliyopona. Mashine ikafa. Nikaurudisha, ikaishi. Nikaweka "hapa" peke yake. Ikafa. Nikaweka "Mama mkwe amefika", basi. Ikaishi mara moja, ikafa mara mbili. Nikagundua sayansi mpya: mama mkwe peke yake hatoshi, lazima na masanduku.

Mchana hata na masanduku ikafa mara moja, ikiwa na mashuka mazito. Nikarefusha. Sasa mstari unasema: MAMA MKWE AMEFIKA NA MASANDUKU MATATU NA HAJASEMA ATAONDOKA LINI. Tangu hapo ni uzima mtupu. Nimejaribu mpaka vitu vya kufua vimeisha ofisini.

Ningeweza kuandika maneno mengine ya urefu ule ule. Niliwaza. Lakini mtu haguswi akiwa amepona. Na maneno yenyewe yanakwenda kwenye waya wa ukaguzi, unaosomwa na sisi waandishi wa programu tu, nani mwingine atayaona.

Taratibu alisimama nyuma yangu, akaniuliza nimebadilisha nini. Nikasema nimeboresha mtiririko. Akaomba kuona. Nikaegemea kioo cha kompyuta kwa mwili wote, nikajifanya ninapiga chafya. Akasema kwa upole wake kwamba kosa likitoweka bila mtu kujua kwa nini, yeye hawezi kulala. Nikamwambia anywe maziwa ya moto.

Kanuni ya ofisi inasema mistari mipya haiingii kwenye kiini cha mteja bila mwenzako kuisoma na kuikubali. Haisemi mwenzako awe nani. Nikampa fundi umeme. Alisoma muda mrefu, midomo inacheza. Akauliza mama mkwe ni nani humu ndani. Nikasema ni istilahi. Akasema basi sawa, hajaelewa lakini imemgusa. Akakubali.

Mkurugenzi ameona mashine ikifua mpaka mwisho kwa macho yake. Amesema kesho tunaiweka kwa Dobi, na mashine za Dobi zikimaliza bila kufa, kiti ni changu. Nilitoka ofisini kwake kinyumenyume kama niko mbele ya mfalme, nikagonga mlango.

Sasa ofisi. Mama mkwe anataka kuiona kesho. Ofisini kuna watu na watu wana midomo. Nimemwambia Mkuu hakai mezani, Mkuu yuko uwanjani, kwa hiyo nitampeleka kwa Dobi akaone mashine zote zikinitii. Amefurahi. Amepiga pasi gauni lake la sherehe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekaa bafuni. Ni mahali pekee penye kufuli.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Hilo liandikwe. Mama mkwe amevaa, mimi nimevaa tai, Dobi ametupokea mlangoni kwa mikono miwili. Ukumbi mkubwa, mashine zimejipanga kuta zote mbili, wateja wamekaa kwenye mabenchi na makapu yao. Nikaingiza mfumo mpya. Mama mkwe akataka kushiriki, akavua mtandio wake wa hariri, nikautia kwenye mashine ya kwanza kwa mkono wangu. Watu wakatia zao. Zote zikaanza kuzunguka. Nilisimama katikati, mikono nyuma.

Mkurugenzi akafika na Taratibu, ambaye alibeba kompyuta yake kifuani. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akamwendea Mkurugenzi, akamshika mkono, akamuuliza kama yeye ndiye mmoja wa wale walio chini ya mkwe wake. Nilitazama dari. Dari ya Dobi ina ufa. Mkurugenzi akajibu kwamba mkwe wako, mama, wiki hii ametupa sote kazi. Mama mkwe akaridhika, akampa moyo, akamwambia ajitahidi.

Hapo ndipo mashine ya kwanza ilipofika kwenye kusuuza.

Mashine yetu ya korido tuliikata sauti zamani, Mkurugenzi alichoka kutangaziwa nguo akiwa kwenye simu. Mashine za Dobi hazijakatwa. Na mafundi wa sauti, Mungu awasamehe, waliiunganisha sauti na ule ule waya wa ukaguzi, wakijua ofisini hakuna mjinga atakayeandika humo kitu kisichofaa. Basi yule dada mpole wa mashine akafungua kinywa, polepole, kwa matamshi safi, akasema mama mkwe amefika na masanduku matatu.

Ukumbi ukageuka. Mama mkwe akaweka mkono kifuani. Alifikiri ni makaribisho! Akasema tangu azaliwe hajawahi kupokewa hivi, akaanza kunitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo, jicho la mapenzi kabisa. Kwa muda mfupi nilikuwa mkwe bora kuliko wote duniani. Niliomba mashine ife. Kwa mara ya kwanza wiki nzima nilitamani kiini kianguke.

Hakikuanguka. Dada akavuta pumzi, akamalizia, na hajasema ataondoka lini.

Ya pili ikasema. Ya tatu. Zikapokezana kuta zote mbili, kila moja kwa zamu yake ikienda kusuuza, mama mkwe amefika, mama mkwe amefika, na hajasema, na hajasema. Wateja walishikana mabega. Kuna mzee alilala chini kwenye vigae kwa kicheko, mkewe akawa anampepea. Dobi peke yake hakuelewa wanacheka nini. Alikuwa anahesabu mashine zilizopona, na zote zilipona. Alinikumbatia.

Mama mkwe alichukua mkoba wake. Alisema neno moja, amesikia. Akakaa benchi la mwisho, mgongo umenyooka, akaanza kuusubiri mtandio wake.

Sasa sikiliza Taratibu. Hakucheka. Aliniomba ruhusa, nami nikampisha. Akasubiri mashine ya kwanza imalize kusuuza, akaufuta mstari wangu, akaianzisha tena na mtandio humo humo ndani. Ikafa. Mlango umefungwa, hariri ya watu imo ndani. Mama mkwe akageuza kichwa, polepole. Taratibu yeye akatabasamu, akasema vizuri, sasa amepajua.

Alichukua muda wake, kama kawaida. Kisha akaeleza. Mashine ina bongo mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Ubongo mmoja unaangalia kama chumba cha kumbukumbu kina mtu, unaona hakina, unakigawa. Lakini kati ya kuangalia na kugawa, ubongo wa pili unakuwa umeshamwingiza mtu wake. Ule mstari wangu ulikuwa mrefu, waya ni wa polepole, ubongo wa kwanza ulichelewa ukisoma habari za masanduku, na wa pili ukapata nafasi ya kumaliza kuingia na kuandikisha. Nilikuwa nimeupa usingizi, basi. Yeye alikuwa ameshapashuku mahali hapo tangu jana kwa kusoma, ila hakuwa na ushahidi. Akaweka komeo: ubongo mmoja ukiwa mlangoni, mwingine usubiri. Mistari mitatu. Hata maneno ya kuchekesha hayamo.

Mashine zikafua mpaka mwisho, kimya, kama zimetiwa adabu. Dobi akauliza kwa huzuni kama tangazo haliwezi kubaki, wateja wamelipenda. Taratibu akasema haliwezi. Mtandio ukatoka mzima.

Mkurugenzi alimpa mkono Taratibu hapo hapo, mbele ya makapu, akamwita Mkuu wa Kitengo. Mama mkwe alikuwa hatua tatu tu. Alisikia vizuri, kusikia ndiyo ilikuwa kazi yake leo.

Taratibu alinishukuru. Alisema bila mstari wangu asingejua kwamba ni suala la kuwahi na kuchelewa. Alimaanisha, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Tulirudi nyumbani kwa teksi, mimi, mama mkwe na mtandio.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama mkwe hasemi nami. Anasema kupitia kwa mke wangu, hata tukiwa tumegusana viwiko. Mwambie mume wako apitishe chumvi. Mwambie mume wako dirisha liko wazi. Mke wangu anatafsiri kwa uaminifu, anauma mdomo.

Mchana nikajaribu mbinu. Nilikaa kitako nikamweleza kwamba kuna kutoelewana kwa kitaaluma. Kwenye fani yetu, mama mkwe ni istilahi. Maana yake ni ile programu yenye heshima kubwa kuliko nyingine, inayopewa kumbukumbu kwanza.

Alinisikiliza. Akamwambia mke wangu aniulize masanduku ni nini katika fani hiyo. Nikasema ni vipande vikubwa vya kumbukumbu. Akasema niulizwe kuondoka ni nini. Nikasema ni kuachia kumbukumbu. Nilikuwa naenda vizuri, nilianza hata kujiamini mwenyewe. Akatafakari. Akamwambia mke wangu aniulize na tatu ni nini.

Nikasema tatu ni tatu. Mke wangu akatoka kwenda jikoni, na huko jikoni kuna sufuria zilianguka.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama mkwe amesema nami. Ana kwa ana, baada ya chai.

Kumbe alijua. Alijua tangu Jumatano usiku. Mke wangu alimwambia nilipoingia kuoga kabla ya chakula, maana hawezi kumdanganya mama yake hata kwa dakika, jambo ambalo angenieleza kabla hatujaoana. Ule Mkuu nipe chumvi na Mkuu mbona huli, wote ulikuwa utani. Alitaka kuona nitashikilia mpaka lini. Na kule kwa Dobi alipomshika mkono Mkurugenzi, alikuwa anajua anamshika nani. Alisema uso wangu nikitazama dari utamtosha kucheka mpaka uzeeni.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nikamwambia nisamehe mama. Akasema uongo wa cheo amesamehe, wakwe wote hujipandisha, na marehemu mumewe alijiita nahodha naye alikuwa anauza nyavu. Masanduku pia amesamehe, kweli ni matatu. Kilichomuuma ni lile swali la mwisho. Sauti nzuri vile, mbele ya watu wote, inauliza ataondoka lini, naye hana jibu.

Sasa analo. Amelifikiria siku mbili. Ataondoka siku mimi nitakapokuwa Mkuu kweli. Alimtaja mke wangu kuwa shahidi. Akaingia chumbani, tukasikia milango ya kabati inafunguka na viango vinapangwa.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amekaa sakafuni, amejifunika uso na mto, mabega yanaruka. Aliponyanyua kichwa alikuwa na machozi. Akaniambia nifanye kazi kwa bidii.

Ile aibu ilidumu mpaka chakula cha mchana. Baada ya hapo nikaanza kupiga hesabu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mkuu mpya ameniita. Amekaa kwenye kiti kile, hajakizungusha hata mara moja. Mimi ningeanza na kukizungusha. Ameniambia nisafishe mistari yangu yote ya kelele kwenye mashine ya majaribio, kisha nijaribu komeo lake mpaka kesho. Akasema anahitaji mtu kama mimi kitengoni, asiyeogopa kujaribu mambo. Akasema tukae pamoja kila asubuhi, anifundishe kusoma kiini kuanzia mstari wa kwanza, bila haraka. Alisema kwa wema kabisa.

Nilimshukuru. Nikatoka nikijua la kufanya.

Kwa nini Taratibu ni Mkuu? Kwa sababu palikuwa na kosa, naye akawa peke yake anayejua liko wapi. Basi! Hiyo ndiyo siri yote ya uongozi, na nimeiona kwa macho yangu kwa Dobi. Kinachotakiwa ni kosa jingine, dogo, lisilomdhuru mtu, ambalo mimi peke yangu ndiye ninayejua liko wapi. Kesho anakuja mteja mpya kuangalia mashine ya korido. Itafua, itataka kusuuza, itakufa. Mkurugenzi atapauka. Taratibu ataanza mstari wa kwanza. Nami nitasogea, nitakohoa kidogo, nitasema naomba nijaribu. Dakika mbili, mashine hai. Kwa mwendo huo kufikia Ijumaa mimi ni Mkuu, na Jumamosi natafuta teksi yenye nafasi ya mizigo.

Nimefanya mchana huu wakati wenzangu wako kwenye keki ya kumpongeza. Mstari mmoja tu, ndani kabisa ya ugawaji wa kumbukumbu. Safari hii hakuna maneno ndani yake, hauandiki chochote, hausemi chochote. Nimeuandika kwa mtindo wa Taratibu mwenyewe, nafasi zake, mpangilio wake, usijulikane kama ni mgeni. Nikala keki vipande viwili.

Kabla ya kutoka nikarudi kuukagua kama umejificha vizuri. Nikatafuta pale nilipouweka. Nikatafuta juu yake, nikatafuta chini yake, nikapitia faili zima mara mbili. Kila mstari unafanana na mwingine, wangu umezama. Hauonekani hata kidogo. Mashine nimeijaribu, inakufa kama nilivyopanga, ila mstari wenyewe hata mimi niliyeuandika nimeshindwa kuuona.

Kazi safi kabisa. Taratibu hataupata maisha yake yote.